Mchango wa Aliye Hai

Jina la Birika alilipata mwaka uleule alipokabidhiwa mfuko wa wahitaji wa kanisa, na waliompa hawakuwa wabaya wake. Ilikuwa kwaya. Walimwendea wakitaka nauli ya kwenda kuimba kwenye kanisa la mbali, akawauliza ni nani kati yao aliyelala na njaa jana. Wakaondoka wakicheka, wakasema yule mzee ana mkono wa birika. Jina likaganda. Hata mchungaji siku moja lilimponyoka wakati wa matangazo, waumini wakaangua kicheko, na mwenyewe akacheka pamoja nao. Alisema hana kinyongo, maana birika ndicho chombo pekee jikoni kisichomwaga hovyo.

Alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilipakana na ukuta wa kanisa: mabati juu, meza ndefu ya kazi katikati, vumbi la mbao kila mahali hadi kwenye chai. Alitengeneza milango, vitanda, makabati na majeneza. Wanawe pacha walishaoa na kuhamia kwao, nyumbani amebaki na mkewe, Mama Pacha, mwanamke wa maneno machache ambayo hayakosi shabaha.

Mfuko huo aliupokea ukiwa mtupu. Aliyemtangulia alikuwa mama mwenye huruma kupita kiasi. Aliyelia mbele yake aliondoka na fedha, na waliojua kulia walirudi tena na tena. Kisha mvua kubwa ikaangusha nyumba ya mzee mmoja asiye na mbele wala nyuma, akaja kanisani amelowa chapachapa, akaambiwa hakuna kitu. Birika alikuwepo siku ile. Aliona yule mzee anavyogeuka na kurudi mvuani, akasema moyoni kwamba jambo hili halitatokea tena. Alipochaguliwa aliweka taratibu. Maombi makubwa yapite kwenye kamati. Asipewe mtu mmoja fungu kubwa la kuwafilisi wengine. Siku zote ibaki akiba kwa ajili ya atakayekuja kesho. Na taratibu zilifanya kazi. Wajane walipata unga, watoto wakapata viatu vya shule, na sadaka ya mfuko ikaongezeka kwa sababu watu walijua senti yao haipotei njiani.

Miongoni mwa waliotoa sadaka hiyo bila kukosa alikuwa Mama Dobi. Aliwafulia watu nguo majumbani mwao, mikono yake imechujuka kwa sabuni mpaka viganja vimekuwa vyeupe kuliko nguo. Alikuwa na binti mmoja, msichana aliyemaliza shule na kukosa kazi, akawa anamsaidia mamaye kuanika na kupiga pasi. Alichotoa Mama Dobi kilikuwa kidogo, lakini Jumapili haikupita bila yeye kukitia kwenye sanduku.

Asubuhi moja alipiga hodi karakanani.

"Karibu, mama," alisema Birika bila kuacha kupiga randa. "Mlango wako umeanza tena kukwama?"

"Mlango hauna neno, fundi. Ni mimi mwenye neno."

Akamweleza akiwa amesimama, kitenge amekifumbata kifuani. Kulikuwa na uvimbe kwenye titi. Mwanzoni aliudhani jipu. Daktari ameutazama, akasema ukatwe haraka, na akiwahi atapona. Akataja kiasi kinachotakiwa.

Randa ikasimama. Kiasi kile kilikuwa zaidi ya nusu ya fedha zote za mfuko.

"Mama, ungetaka kidogo ningekupa leo hii. Hili ni la kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Basi nitangoja," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa nguo hazijakauka. Akamshukuru, akaenda zake.

Kamati ilikuwa watu watatu: mchungaji, ambaye alikuwa bado kijana na hajazoea kubishana na waliomzidi umri, mwenyekiti aliyekuwa mfanyabiashara wa saruji na nondo, na Birika mwenyewe. Mchungaji alitaka zitolewe zote alizoomba Mama Dobi.

"Tumpe zote, sawa," alisema Birika. "Na keshokutwa akija mwingine kama yule mzee wa mvua, tutamwambia nini? Kwamba fungu lake kapewa mwenzake?"

"Huo ndio ukweli," mwenyekiti akadakia. "Tena ana ndugu huyu. Nao waguswe. Sisi tutoe theluthi ya gharama, kisha tutangaze mchango, kila mtu abebe kidogo."

Mchungaji alifunga daftari lake. "Kama ndivyo mnavyoona," akasema.

Birika alitoka pale akiwa na amani. Alikuwa amemsaidia mmoja bila kuwasahau wengine. Ndivyo alivyoona.

Mchango ukatangazwa Jumapili. Beseni likawekwa mbele, watu wakapita kwa mstari. Mama Dobi alikuwa amekaa benchi la pili, amevaa gauni lake lililopigwa pasi vizuri, anaimba. Alikuja kwa miguu yake. Kikapu chake alikibeba mwenyewe. Watu walimwangalia, wakatazama mikononi mwao, wakadondosha chenji. Mama mmoja alimnong'oneza jirani yake, "Mbona mzima jamani?" Hakusema kwa ubaya. Zilipohesabiwa zilizokuwamo, zilikuwa chache kiasi cha kuona haya kuzitaja.

Birika alimpelekea Mama Dobi fedha zile nyumbani, theluthi ya kamati pamoja na za beseni. Alizipokea kwa mikono miwili. Hospitali ikazikataa, kwa kuwa bila kukamilisha malipo ya awali haiwezi kumpangia siku. Akarudi nazo, akaanza kutafuta za kuongezea. Kabla hajazipata, mwenye nyumba akaja kudai kodi ya miezi iliyopita, akatia kufuli mlangoni, mama na bintiye wakalala kwa jirani. Zile fedha zikafungua kufuli.

Habari zilipomfikia Birika, alimgeukia mkewe mezani. "Umeona? Tungempa zote, si zingekwenda hukohuko?"

Mama Pacha alikuwa anachambua mboga. "Ungempa zote," alisema, "saa hizi angekuwa ameshapasuliwa."

Birika aliinuka akaenda karakanani.

Mama Dobi hakurudi kuomba. Aliendelea kufua, aliendelea kuja kanisani, na Birika aliendelea kumsikia akitia sadaka yake. Angeweza kuitisha kamati tena. Wazo hilo lilimjia mara kwa mara, hasa akiwa peke yake anapiga msasa, lakini kila mara alijiambia kwamba mwenyewe hajasema kitu, labda amepata mahali pengine, labda dawa za kawaida zimemsaidia. Mtu akitaka kuamini jambo hakosi sababu. Kisha gauni likaanza kumpwaya. Kisha benchi la pili likawa na nafasi.

Birika alipokwenda kumwona wodini, pamoja na mchungaji, hakumtambua mara moja. Alimpita, akarudi. Kando yake, kwenye kitanda cha dirishani, aliketi mwanamke mwingine aliyekuwa anamlisha uji kwa kijiko, polepole, akimfuta mdomo kwa ncha ya shuka lake mwenyewe. Huyo hakuwa wa kanisa lao. Alitoka mbali, na hakuna aliyekuja kumtazama. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Tofauti ni kwamba wake ulikuwa bado mchanga, na alikuwa anangoja fedha zisizojulikana zitatoka wapi.

"Dada," Mama Dobi alimwambia yule mwanamke, kwa sauti iliyobaki kama upepo, "huyu ndiye fundi wetu. Ndiye anayetunza fedha za maskini."

Hapakuwa na kejeli ndani ya maneno yale. Birika aliisikiliza sauti, akaitafuta kejeli, maana ingemfaa, asiikute. Mwanamke wa dirishani alimwamkia kwa heshima. Mchungaji akaomba. Birika alifumba macho, na maombi yote yakampita bila neno hata moja kumwingia.

Siku chache baadaye Mama Dobi alifariki.

Hapo fedha zikaja. Tangazo lilitolewa asubuhi. Kufikia jioni simu ya Birika ilikuwa haipumui. Waliodondosha chenji kwenye beseni walituma noti. Wenye nyumba alizofulia, ambao wengine walizoea kumpunja, walituma na salamu ndefu za pole. Kwaya ikatoa. Wauza sokoni wakatoa. Mwenyekiti, aliyeshika usimamizi wa msiba, akatoa fungu nono na kulitaja kwa sauti mbele za watu. Kulipopambazuka kesho yake, mfuko wa mazishi ulikuwa umeshapita gharama ya ule upasuaji, na bado watu walikuwa wanauliza namba ya kutuma.

"Mama yetu tutamsitiri kwa heshima," mwenyekiti alisema. Akapanga maturubai, viti vya kukodi, vipaza sauti. Jeneza likaagizwa kwa Birika: mbao ngumu, vanishi inayong'aa, kioo upande wa kichwani, vishikio vya rangi ya dhahabu. Birika alikwenda kununua mbao. Alizipanga mezani, akachukua penseli, kisha akaiweka chini. Alikaa juu ya gogo ameshika tama.

Hapo ndipo binti wa marehemu alipoingia. Macho yalikuwa makavu, yamevimba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Mimi..."

"Usiseme, fundi. Nikikusikiliza nitalia, na nina mambo ya kufanya." Akagusa mbao. "Ndizo hizi?"

"Ndizo."

"Ukitengeneza sanduku la mbao za kawaida, mtu anaweza kuzikwa ndani yake?"

"Anaweza. Kwa nini asiweze?"

"Na maturubai yakiachwa, na vile vipaza sauti. Fedha itabaki?"

Birika alimtazama. "Itabaki. Nyingi."

"Yule mama wa kitanda cha dirishani," alisema binti, "ndiye aliyemwosha mama wakati mimi niko kwenye kazi za watu. Mama aliniambia, wakichanga, waambie wamkate huyu uvimbe wake. Sikumwelewa, nikadhani ni homa imempanda. Alisema hivyohivyo, wakichanga. Alijua kwamba mtachanga."

Nje watu wa maturubai walikuwa wanashusha vyuma kwenye gari, vinagongana.

"Nitakwenda kuwaambia," alisema Birika.

Aliwakuta mchungaji na mwenyekiti kwenye chumba kilekile cha kamati. Alipomaliza kueleza, mwenyekiti alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani hajasikia sawasawa.

"Fundi, wewe si ndiye mtu wa taratibu? Fedha hii imetolewa kwa mazishi. Leo unataka kumpa mwanamke tusiyemjua hata jina, wa kanisa lisilojulikana?"

"Hapo mwenyekiti ana hoja," alisema mchungaji taratibu. "Watu wametoa kwa jambo moja. Tukizipeleka kwingine kimyakimya, tumewadanganya."

Birika alijua ni kweli. Kama angekuwa amekaa upande ule wa meza angesema vilevile, na kwa maneno hayohayo.

"Basi tusifanye kimyakimya. Tuwaulize."

"Tuwaulize wapi? Msibani?" Mwenyekiti alisimama. "Watu wanalia, wewe unasimama kuwaambia jeneza limeshushwa bei? Watasema tumemzika kama mbwa! Ndugu zake je?"

Kaka wa marehemu, aliyeingia wakati huo kuuliza habari za viti, alisikia, akapandwa na hasira. "Dada yangu haendi kaburini kwenye kreti ya sabuni," alisema. "Hilo lisikike."

"Ni maneno ya mama, mjomba," binti alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amemfuata Birika. "Mimi ndiye niliyekuwa naye. Wewe ulikuja lini?"

Mjomba akameza mate. Hakuna aliyemwangalia usoni, kwa sababu wote walijua amekuja lini.

Mchungaji aliwatazama mmoja mmoja. Halafu akasema, "Uliza wewe, fundi. Mimi sitakuzuia." Hakusema nitakuunga mkono. Lakini kwa mtu kama yeye hilo nalo lilikuwa kubwa.

Birika alilitengeneza sanduku kwa mbao za msonobari, zile za kutengenezea rafu. Alilipiga randa ndani na nje, akalipiga msasa mpaka mkono ukawa unateleza, akaziviringisha pembe vizuri. Hakulipaka vanishi. Mama Pacha alikuja na shuka jeupe, akalitandika ndani, akamwekea mumewe kiganja mgongoni, mara moja, akaondoka.

Siku ya mazishi sanduku lilipotolewa, minong'ono ilipita uwanja mzima. Birika alisimama kando yake. Hakuwa msemaji, na jasho lilimtoka kama anapasua magogo.

"Ndugu zangu, mmechanga fedha nyingi. Marehemu aliacha neno, kwamba mkichanga, kuna mgonjwa mwenzake wodini anahitaji kupasuliwa, asaidiwe yeye. Kwa hiyo tumetumia kidogo. Zilizobaki ninazo. Aliyekubali, asante. Asiyekubali, ni haki yake, aje kwangu achukue alichotoa, sitamuuliza kitu." Alitaka kuendelea. Alitaka kusema habari ya ile asubuhi karakanani, ya randa, ya kungoja mwisho wa mwezi. Badala yake akarudi nyuma.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, kwa sauti ya kusikika, "Kumbe hata wafu anawabania." Wachache wakacheka, wakajizuia. Shangazi mmoja wa marehemu akaanza kulia kwa nguvu, akisema wameaibishwa mbele za watu. Wakamzika.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuchukua chake. Hakujificha, alifika karakanani mchana na kupokea kwa mkono mmoja. Baada yake walikuja wengine, baadhi wakitazama chini, wengine wakisema wana shida nyumbani, na huenda ilikuwa kweli. Birika alimrejeshea kila mmoja na kumwambia asante. Alidhani hazitabaki. Zilibaki, lakini zilipelea. Alizirudisha zile mbao ngumu kwa aliyemuuzia, kwa hasara, na alichopata nacho hakikutosha. Mama Pacha akatoa fedha aliyokuwa anadunduliza kwa ajili ya kwenda kuwaona wajukuu, akaiweka mezani karibu na patasi.

"Wajukuu watakua tu," alisema.

Birika akalipa kwa mhasibu wa hospitali, akapewa risiti, akaipeleka wodini. Mwanamke wa dirishani aliisoma mara mbili. Kando yake kitanda kilikuwa kimeshapata mgonjwa mwingine.

"Mimi ni nani kwenu?" aliuliza.

"Sijui, dada," alijibu Birika. Ndilo jibu la kweli alilokuwa nalo.

Alipasuliwa wiki ile. Daktari alisema wanadhani wameuwahi, lakini hakuahidi. Baada ya kutolewa nyuzi alipanda basi la kwenda kwao, mbali, na hakukuwa na simu wala salamu tena. Birika aliuliza kwa wauguzi mara kadhaa, kisha akaacha. Kama alipona, hakujua. Kama alikufa, hakujua pia.

Kwenye mkutano mkuu wa kanisa walimchagua mweka hazina mwingine. Birika alikabidhi kila kitu mpaka senti ya mwisho, na hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole kwa hesabu. Mchungaji alisimama siku ile, sauti ikitetemeka, akapendekeza kwamba mgonjwa asingoje kamati tena. Pendekezo likapita kwa tofauti ya kura chache. Familia mbili tatu zilihamia kanisa jingine, sadaka ya mfuko ikashuka, na mwisho wa mwaka mama mmoja aliyekuja kuomba fedha za dawa alikuta zimekwisha. Birika alizisikia habari hizo akiwa anachonga mguu wa kiti. Akaweka patasi chini, akakaa.

Kazi nazo zilipungua, hasa za majeneza. Mjini walitaniana kwamba ukimpa Birika kazi atakuzika kwenye kreti na chenji awapelekee majirani. Yeye hakucheka safari hii, wala hakukasirika.

Binti wa Mama Dobi aliendelea na nyumba za mamaye. Alipokutana na Birika njiani alimwamkia vizuri, kwa adabu zote, na kupita. Hakumnunia. Hakusimama pia. Birika alijua kwamba msamaha haudaiwi, na hakuudai.

Siku moja ya mawingu alimkuta kwenye kona ya barabara, ameweka mafurushi mawili ya nguo chini, anapumzisha mabega. Manyunyu yalikuwa yameanza. Birika alisimama.

"Nikusaidie moja, mwanangu?"

Binti aliangalia juu, akaangalia mafurushi. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyohitaji. Kisha akainua lile dogo, akampa.

Walitembea, binti mbele, Birika nyuma, amelikumbatia furushi kifuani ili lisilowe. Walipofika kwenye geti la nyumba moja yenye ukuta mrefu, binti aligeuka akanyoosha mikono.

"Hapa panatosha, fundi," alisema.

Birika akampa furushi. Geti likafunguliwa, likafungwa. Mvua ikaongezeka, naye akabaki pale kidogo, mikono mitupu, kabla ya kugeuka kurudi.